Safu ya Nne ya Nansio

Asubuhi niliyoondoka Kisesa sikuwa na safari. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, mbele yangu redio mbili zilizokufa kabisa na wenyewe hawaji kuzichukua, nikaona lori la pamba limesimama barabarani na dereva anahangaika na tairi. Nikaenda kumshikia jeki. Alipomaliza akaniuliza, "Unaenda?" Nikamwambia naenda. Hakuuliza wapi, nami nilishukuru, maana sikuwa na jibu. Nikafunga kibanda kwa waya, nikachukua bisibisi zangu tatu na shati la kubadilisha, nikapanda juu ya marobota.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokaa siku hizi mbele ya vioo viwili viwili mkichunga data. Juzi binti wa dada yangu, ambaye ndiyo kazi yake, alikuja kunisalimia akiwa amenuna. Kazi yake ya kila asubuhi, ile inayozoa data kutoka matawi na kuipeleka kwenye ghala kuu, ilikuwa imegoma. Maelezo yanasema jedwali lina safu kadhaa, jedwali lenyewe lina idadi nyingine. "Mjomba," akasema, "haya mambo ya kisasa yanachosha." Nikacheka mpaka akakasirika. Nikamwambia akae, nimweleze jinsi jambo hilo la kisasa lilivyotaka kuwaharibia riziki wavuvi wa Ukerewe kabla yeye hajazaliwa.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala karo haikunishinda. Siku moja nilifuata mafundi waliokuwa wanachimba kisima, nikataka kujua maji yanatoka upande gani, nikarudi nyumbani baada ya wiki mbili. Basi ikawa mazoea. Nimepiga mashine kwenye kinu cha pamba, nimekuwa utingo, nimeuza mitumba Magu, nimetengeneza redio. Lakini kazi iliyonishika mpaka nikastaafu nayo niliipata siku ile ya marobota, kwa sababu ya sanduku.

Lori lilinishusha Mwanza karibu na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Zilikuwa siku zile soko limefunguliwa, viwanda vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na kila mwenye pesa ananunua samaki. Getini vijana walikuwa wanashusha masanduku kutoka kwenye gari, na mtu mmoja mrefu, mwenye suti ya Kaunda na miwani, amesimama na karatasi akipigia vyema kila sanduku linaloshuka. Sanduku limeandikwa printa, yeye anaweka alama kwenye printa. Nikasogea.

"Shikamoo mzee. Hilo siyo printa."

"Marahaba. Limeandikwa printa."

"Limeandikwa, lakini sikiliza likitikiswa. Uzito wote uko mbele. Hicho ni kioo."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu bila kunyoosha mkono. Akaagiza lifunguliwe. Ndani kulikuwa na kioo cha kompyuta, na katika lile lililoandikwa kioo ndimo ilimokaa printa. Mzee akakunja karatasi yake, akasema, "Kijana, unaweza kusoma?" Nikamwambia naweza, ila sipendi kuamini. Alicheka kidogo sana, upande mmoja wa mdomo.

Huyo ndiye Mwalimu Kamugisha, mtu wa Kagera, aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuajiriwa kusimamia chumba cha kompyuta cha kiwanda. Nilianza kwa kufagia chumba hicho na kuwasha jenereta. Baada ya miezi miwili nilikuwa naingiza data. Baada ya mwaka alikuwa ananikabidhi funguo.

Sasa nieleze kazi yenyewe kwa lugha ya sokoni. Chukua duka la vipuri. Ukutani kuna orodha: sanduku la kwanza boliti, la pili nati, la tatu skrubu. Anayetumwa kuleta nati haangalii, anasoma orodha na kuingiza mkono sanduku la pili. Siku mtu akipenyeza sanduku la misumari katikati bila kugusa orodha, yule aliyetumwa atarudi na misumari huku akiapa ni nati. Orodha ndiyo maelezo. Masanduku ndiyo jedwali. Kompyuta ndiye huyo anayetumwa, na hana macho.

Orodha yetu ilikuwa ndani ya kompyuta, lakini mama yake alikuwa daftari kubwa la jalada la kijani ambalo Mwalimu aliliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Sisi tuliliita Kitabu. Kitabu kilisema kila jedwali linalotoka kwenye vituo vya kununulia samaki lina safu nne: ya kwanza jina la mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kupima, ya pili namba ya mtumbwi, ya tatu kilo zilizopimwa, ya nne saa ambazo samaki amekaa tangu atolewe majini mpaka alipolazwa kwenye barafu. Data ilipigwa chapa kituoni, ikawekwa kwenye disketi, disketi ikapanda meli au gari kuja Mwanza. Kila asubuhi saa mbili programu ya Mwalimu ilifungua disketi zote, ikasoma safu nne, ikamwaga kwenye kompyuta kubwa ambayo yeye aliiita ghala. Kutoka ghalani ndiko ilikotoka ripoti ya meneja.

Makosa niliyokutana nayo mwanzo yalikuwa ya kelele. Karani wa Magu aliwahi kuamua kuandika majina ya mitumbwi badala ya namba, mmoja ukiitwa kwa maneno matano, na kompyuta ikakataa kabisa, ikapiga mlio, ikasimama. Nililaani siku ile. Leo naomba mnisikilize: kosa linalopiga kelele ni rafiki yako. Limekuamsha. Mbaya ni lile linalonyamaza na kukupa jibu safi.

Mimi mwenyewe nililifanya moja la kunyamaza. Nilibadilisha jina la jedwali la Magu kwenye orodha ili lipendeze, nikasahau kwamba jedwali lenyewe bado lina jina la zamani. Programu ikatafuta jina jipya, haikukuta kitu, ikaandika sifuri na kuendelea. Siku nne mfululizo Magu haikuvua hata samaki mmoja. Meneja akamwuliza Mwalimu kama watu wa Magu wameanza Kwaresima peke yao. Mwalimu hakunigombeza. Alinifanya niandike jina la zamani na jina jipya mara hamsini, kama darasa la pili, kisha akaniambia, "Usishike pande mbili kwa wakati mmoja. Shika mmoja, pima, ndipo ushike wa pili." Ushauri huo nimeutumia mpaka kwenye kubadilisha tairi.

Lakini naye alikuwa na ugonjwa wake. Aliamini Kitabu. Kikisema kitu, basi ziwa lote na lifuate.

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa bila hodi akaingia mama mmoja mnene wa wastani, kanga kiunoni, kichwani beseni lililofunikwa gunia bichi. Maji yalikuwa yanamtiririka begani. Nyuma yake mlinzi anamsihi arudi.

"Nani hapa ndiyo kompyuta?" akauliza.

Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayesema samaki wangu wameoza?"

"Siyo mimi, mama. Ni mashine."

"Ina pua?"

"Haina."

"Basi wewe unayo." Akashusha beseni juu ya meza, kando ya kibodi, akafunua gunia. Alikuwa sangara mzima juu ya vipande vya barafu. Akamfungua shavu kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pekundu kama nyanya. "Nusa. Huyu ametoka majini jana alasiri, amelala kwenye barafu Nansio, amepanda meli na mimi asubuhi hii. Nusa, halafu uniambie ameoza wapi."

Nikanusa. Mlinzi naye akanusa. Mwalimu Kamugisha alikuja kutoka mezani kwake, akavua miwani, akainama, akanusa kwa heshima zote.

Ndivyo tulivyomfahamu Mama Magesa, msimamizi wa mwalo mmoja upande wa pili wa kisiwa cha Ukerewe, ambao data yake ilipigwa chapa kituo cha Nansio. Mitumbwi thelathini na kitu ilikuwa inapima kwake. Boti ya kiwanda ilimpelekea barafu mara tatu kwa wiki na kuondoka na samaki. Lakini ripoti za wiki tatu zile zilionyesha samaki wake wanakaa saa kumi na moja, kumi na tatu, mpaka kumi na nne bila barafu, na sheria ya kiwanda ilikuwa saa sita basi. Meneja alikuwa ameshaandika: kama namba hazijabadilika kufikia Jumamosi hii, boti ya barafu isiende tena kwake, ipelekwe kwingine. Bila barafu hakuna sangara wa kiwanda. Wangebaki kumkausha na kumbanika, na kuuza kwa bei ya huruma.

"Jumamosi," alisema Mama Magesa. "Watoto wa watu thelathini wananisubiri nirudi na jibu. Nikawaambie kompyuta haina pua?"

Mwalimu akamletea kiti. Kisha akafungua Kitabu, akamwonyesha kwa kidole. "Mama, sikatai samaki wako. Lakini safu ya nne ni saa. Imeandikwa. Na safu ya nne kutoka Nansio inasema kumi na nne."

"Mimi sijasoma safu," akasema. "Nimesoma samaki."

Alipotoka kwenda kutafuta pa kulala kwa ndugu zake, niliichukua disketi ya Nansio. Jambo ambalo ningepaswa kulifanya wiki tatu nyuma ni hili, nanyi lifanyeni kila siku: acheni programu, fungueni jedwali lenyewe kwa macho yenu. Msisome yote. Someni mistari mitatu ya mwanzo, mitatu ya mwisho, na hesabuni vitu vilivyomo katika kila mstari.

Nikahesabu. Mwalo, mtumbwi, kilo, namba, namba. Vitano.

Nikarudia kwa kalamu nikidhani nimechoka. Vitano. Programu ilikuwa inasoma vinne na kuondoka zake, haikuwahi kuuliza kama kuna cha tano. Na kwa kuwa cha nne na cha tano vyote ni namba, hakuna kilichogoma, hakuna kilichopiga mlio. Disketi haikuwa na vichwa vya safu, ni namba tupu na mikato. Mstari mmoja wa Mama Magesa ulisema kumi na nne, kisha tatu. Mwingine kumi na moja, kisha mbili. Ipi ni saa?

Halafu nikaona mtumbwi mmoja wa mwalo mwingine umeandikwa sifuri, kisha tano. Saa sifuri! Yaani samaki ametoka majini akaangukia kwenye barafu bila hata kupita hewani. Nikampelekea Mwalimu.

"Safu ya tano haipo," akasema.

"Ipo, mzee, hii hapa."

"Haipo kwenye Kitabu. Ni takataka ya kuchapa."

"Takataka kila mstari, wiki tatu?"

Alivua miwani akaifuta kwa tai, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya kutikisika. Simu ya upepo ya Nansio, yaani redio ya kuzungumzia, ilikuwa haishiki siku kadhaa. "Nenda," akasema mwishowe. "Ukikuta safu ya ziada, ifute. Jedwali lifuate Kitabu."

Kesho yake nikapanda meli pamoja na Mama Magesa. Njia nzima alinihoji kuhusu kompyuta kuliko mtu yeyote aliyewahi kunihoji. Ilizaliwa wapi, inakula nini, ikidanganya inaadhibiwaje. Nikamwambia haidanganyi, inarudia ilichoambiwa. Akafikiri kidogo. "Basi kuna mtu kaiambia vibaya," akasema, "na mtu huyo ana mguu, anaweza kufuatwa." Nimesoma vitabu vingi vya fani hii tangu siku hiyo, na sijaona aliyeiweka vizuri zaidi.

Kituo cha Nansio kilikuwa chumba kimoja kando ya ghala la barafu. Karani wake, Faustine, alikuwa kijana mpole mwenye kucha za wino. Nikamsalimu, nikamwomba afungue jedwali, na kwenye kioo chake vichwa vya safu vilikuwepo, vimeandikwa kwa herufi kubwa. MWALO. MTUMBWI. KILO. KITOWEO. SAA.

Nikasoma mara mbili. "Faustine, kitoweo ni nini hapa?"

Akashangaa swali. "Kitoweo ni kitoweo, kaka. Samaki wa kula."

Mama Magesa ndiye aliyenieleza, akiwa amekaa kwenye kreti. Kabla mtumbwi haujapima, wavuvi hutoa samaki wa chungu chao. Ndiyo desturi, wala hakuna anayebisha. Kwake yeye walitoa na wa ziada: wa mjane, wa mgonjwa, wa yule ambaye nyavu zake zimechukuliwa na ziwa na hana cha kurusha. Sasa wenye mitumbwi, ambao wengi wanakaa mjini, walianza kulalamika kwamba vijana wanaiba, mtumbwi unarudi na samaki pungufu. Ugomvi ukawa mkubwa, wawili wakataka kuondoa mitumbwi yao. Ndipo Mama Magesa akaamua kila kitoweo kipimwe kwanza, kiandikwe, mwenye mtumbwi akija asomewe. Faustine akaongeza safu kwenye jedwali. Akaiweka pale ilipofuata kwa akili ya kawaida: kilo za kiwanda, kilo za kitoweo, kisha saa.

"Ugomvi uliisha?" nikauliza.

"Siku hiyo hiyo. Watu wakiona kimeandikwa, wanatulia."

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia. Faustine alidhani namcheka yeye. Nikawaeleza. Kilo kumi na nne za kitoweo, Mwanza ilizisoma saa kumi na nne. Kadiri mwalo ulivyogawa, ndivyo samaki wake walivyozidi kuoza kwenye karatasi ya meneja. Na yule wa sifuri?

"Mzee mmoja hapo jirani," akasema Faustine. "Hajawahi kumpa mtu hata mkia."

"Huko Mwanza ndiye mvuvi bora wa ziwa zima."

Mama Magesa hakucheka. Alisema, "Kwa hiyo tungenyimwa barafu kwa kuwapa watu chakula."

Kwenye kona palikuwa na ile simu ya upepo iliyokufa. Nami na bisibisi zangu hatuwezi kupita kitu kilichokufa. Ilikuwa waya wa betri tu, umekatwa na kutu. Nikaukwangua, nikaukaza, sauti ikaja, na Mwalimu Kamugisha akajaza chumba kizima. Nikamweleza nilichokikuta.

"Vizuri," ikasema sauti. "Sasa ifute. Ikiisha kufutwa, saa inarudi kuwa ya nne, ripoti inanyooka. Umemaliza. Sawa?"

Hiyo ndiyo redio pekee maishani mwangu niliyojuta kuitengeneza. Maana alikuwa sahihi, na wote tulisikia. Kubonyeza vitufe vitatu, Jumamosi barafu inakwenda. Nikamtazama Mama Magesa.

"Ukifuta," akasema taratibu, "barafu itakuja, na mitumbwi itaondoka. Wenye mitumbwi watasema yale yale. Nitakuwa na barafu na nani?"

"Mabula," ikaita simu. "Umenisikia?"

"Sauti inakatika, mzee."

"Inakatika wapi? Mimi nakusikia vizuri kabisa."

"Nitakuja nikueleze," nikasema, nikazima. Faustine akaniambia nimekuwa shujaa. Nikamwambia nimekuwa mtu asiye na kazi. Nikanakili jedwali kwenye disketi mbili, moja ikiharibika ile nyingine ipo, na hilo nalo lishikeni.

Alhamisi jioni Mwalimu alinikuta nimesimama mbele ya meza yake kabla hata sijaitwa.

"Nilisema nini?"

"Ulisema nifute."

"Na ulifanya nini?"

"Sikufuta, mzee. Nisikilize kidogo. Nikiifuta leo, keshokutwa Faustine ataiweka tena, kwa sababu watu wake wanaihitaji. Na safari hiyo hatatuambia. Ataificha mahali tusipopajua. Bora iwepo na tuijue kuliko isiwepo kwetu na kwao iwepo."

"Kesho Magu wataongeza safu ya mpunga."

"Wakiongeza tutaiandika."

Alikivuta Kitabu karibu yake. Nilishafikiria barabara ya kutokea. Kisha akaniuliza, "Iliongezwa lini?" Nikamwambia wiki tatu. "Na mimi nimekaa hapa wiki tatu," akasema, siyo kwangu, "nasoma mwandiko wangu mwenyewe." Akafungua Kitabu, akachukua rula. Akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya mwandiko wake, akaandika chini yake: Nansio, ya nne kitoweo, kwa kilo, ya tano saa.

Baada ya hapo tulifanya kazi bega kwa bega mpaka Ijumaa mchana. Tulifanya mambo mawili ambayo hata leo ningewafundisha hayo tu na kuondoka. Kwanza, kila kituo kilitakiwa kutuma vichwa vya safu pamoja na namba, na programu ikatafuta safu kwa jina lake, siyo kwa nafasi iliyokalia. Safu ikihamia kiti kingine, ikiitwa bado inaitika. Pili, kabla ya kusoma chochote programu ilihesabu: Kitabu kinasema tano, disketi ina tano? Kama hapana, isimame na kupiga kelele, hata kama meneja anasubiri. Mwalimu aliichagulia mlio mwenyewe. Ulikuwa mbaya sana.

Tukaiendesha. Mitumbwi ya Mama Magesa ikatoka saa tatu, mbili, tatu, nne. Hakuna hata mmoja uliovuka sita. Mvuvi bora wa ziwa zima akapata saa tano, akawa wa mwisho.

Meneja alisoma karatasi, akafuta amri yake kwa kusaini herufi mbili za jina lake. Kisha kidole chake kikasimama. "Hiki kitoweo. Mbona kinatolewa kingi hivyo kabla ya mizani? Nacho kije kwenye ripoti yangu kila wiki."

Nikajisemea moyoni: Tumewaokoa na saa, sasa tunawauza kwa kilo.

Mwalimu Kamugisha akarekebisha miwani. "Ripoti yako, bwana meneja, ni ya samaki wa kiwanda. Kiwanda kinanunua kilichofika kwenye mizani yake. Hicho kingine hakijawahi kuwa chetu. Kipo kwenye jedwali kwa sababu wenyewe wanakihitaji, nasi tunajua kipo ili tusikikanyage tena."

"Lakini..."

"Nikikuletea vitoweo vya watu, utaniomba na vya majumbani."

Meneja akamtazama, akacheka, akageuza ukurasa. Sijui kama alishawishika au alikuwa na haraka. Tulipotoka, tulitembea mpaka mwisho wa korido. Hapo akaniambia, "Vituo vyote. Anza kesho. Nenda ukaone wanachoandika, kila mahali, mpaka pale wanapoandikia. Mimi nitabaki na rula."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Boti ya barafu ilikuwa inaondoka na nilikuwa na begi mkononi, basi nikaingia. Tulizunguka kisiwa, jua limepanda, barafu inalia chini ya maturubai. Alasiri tukaona mchanga mweupe, mizani imening'inia kwenye magogo, na watu wamesimama wengi kuliko walivyohitajika kushusha barafu. Vijana waliingia maji mpaka kifuani, wakaanza kupokeana vipande, na yule wa kwanza alipogusa barafu alijipaka usoni.

Mama Magesa alihesabu maboksi kwanza. Ndipo akanigeukia.

"Umekuja kutazama nini tena, kompyuta?"

"Saa, mama. Nataka kuona mnaziandikaje."

"Zinaandikwa hapa," akasema, akaonyesha daftari kwenye meza ya mizani, "lakini hazianzii hapa. Zinaanzia kule." Akaelekeza mkono ziwani, mbali, mahali ambapo mimi niliona maji tu. "Umewahi kuona sangara anavyotoka majini?"

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimechunga ile safu, na sikuwahi. Nikamwambia ukweli.

Akaguna. "Una pa kulala?"

"Sina."

Akamwita dada mmoja aliyekuwa anapara samaki, akamwuliza kama kile chumba cha nyuma bado kina kitanda. Kilikuwa nacho, ila mlango haufungi. Nikasema mlango nitautengeneza. "Basi mpe maji aoge," akasema Mama Magesa, akiwa ameshageukia mizani, "na umwamshe alfajiri. Anaingia ziwani na mtumbwi wa kwanza."